Kunyanyua gari dogo: maswali yenu kuhusu springi, spesa na shokapu

Karibu maswali yote yaliyotufikia yanahusu aina moja ya gari: dogo, la kuvuta kwa tairi za mbele, ambalo mbele springi imevishwa juu ya shokapu, na nyuma kuna bimu inayounganisha tairi mbili, springi ikikaa peke yake na shokapu peke yake. Toyota Vitz, Honda Fit, Suzuki Swift na Volkswagen Polo nyingi zimejengwa hivyo. Kama lako ni la kuvuta tairi zote nne, usichukue vipimo vya hapa bila kuchungulia kwanza chini ya gari lako.

Gari langu linakwaruza kila tuta nikipakia watu wanne. Nifunge springi ndefu?

Pima kwanza. Egesha gari tupu mahali tambarare, upepo wa tairi uwe sahihi, kisha pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda. Usipimie kutoka ardhini, maana tairi iliyolika itakudanganya. Andika namba za pembe zote nne. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwenzake kwa zaidi ya milimita 10, springi imechoka au imekatika. Mara nyingi hukatika mzunguko wa chini kabisa, ndani ya kikombe chake, kwa hiyo pangusa tope uangalie vizuri. Gari lenye springi ya hivyo linahitaji springi mpya za kiwango cha kiwandani kabla ya jambo lingine lolote. Kuweka spesa (kipande cha kuongeza urefu) juu ya springi iliyochoka ni kuficha ugonjwa.

Kama namba ziko sawa na gari hulala likipakiwa tu, shida yako ni ugumu wa springi. Springi ndefu yenye ugumu uleule italala milimita zilezile chini ya mzigo, ila itaanzia juu kidogo. Tafuta springi za nyuma zilizo ngumu zaidi, zilizotengenezwa kwa ajili ya mzigo. Na uzito wa juu wa gari ulioandikwa na kiwanda haubadiliki: breki, beringi na tairi ni zilezile.

Ni kiasi gani naweza kupandisha bila kuharibu kitu?

Milimita 20 hadi 30 ndicho kiwango tunachokisimamia. Wanaouza vifaa huwa wanazungumzia springi, lakini kinachoamua urefu ni draivu shafti na shokapu. Injini na giaboksi hubaki kwenye bodi. Bodi ikipanda, vinapanda nayo. Tairi inabaki ardhini. Draivu shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye tairi inalazimika kushuka kwa pembe kali zaidi, na wakati huohuo inavutwa kidogo kutoka ndani ya kikombe cha jointi ya upande wa giaboksi.

Dalili ya kwanza ni mtetemo wakati wa kukanyaga mafuta ukiwa umenyoosha stelingi, unaopotea ukiachia. Hiyo ni jointi ya ndani. Mlio wa "tak-tak-tak" ukikata kona hadi mwisho ni jointi ya nje. Mpira wa kufunika jointi nao unaweza kupasuka, grisi ikatoka, mchanga ukaingia.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Gari likiwa juu ya stendi na tairi za mbele zinaning'inia, gia ikiwa huru, zungusha tairi moja kwa mkono taratibu mzunguko mzima, stelingi ikiwa katikati, kisha ikiwa imekatwa kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Ukihisi inakwama mahali fulani na kulegea, jointi imefika mwisho wake. Tazama pia mikunjo ya ule mpira: upande mmoja isiwe imenyooka kabisa, na wa pili isiwe inasuguana. Lolote kati ya hayo likitokea, punguza urefu. Wanaopandisha milimita 40 na zaidi inabidi washushe pia fremu inayobeba injini kwa spesa zake, na hapo nguzo ya stelingi, ekzosi na viungo vya gia vyote vinaguswa. Kwa gari la matumizi ya kila siku hatushauri.

Kuna spesa za juu ya shokapu, za chini ya springi, na raba za kuchomeka katikati ya springi. Zinatofautiana nini?

Tofauti ni kubwa, na ndiyo inayoamua utakachokuja kulalamikia baadaye.

Spesa ya juu hukaa kati ya mauntingi ya shokapu (kishikio chake cha juu) na bodi. Springi haiguswi, shokapu inabaki na mwendo wake wote, kwa hiyo gari linatembea kama lilivyokuwa. Mbele, spesa ya milimita 25 inakupa karibu milimita 25. Gharama yake iko kwingine: tairi ikining'inia inashuka milimita 25 zaidi ya zamani, hivyo draivu shafti, tairodi (fimbo ya stelingi inayogeuza tairi), bol jointi (kiungo cha mviringo kinachoshika tairi chini), mpira wa breki na waya wa ABS (breki zinazozuia tairi zisijifunge) vyote vinanyooshwa zaidi.

Spesa ya kwenye kikombe cha springi, au springi ndefu, hufanya kinyume. Mwisho wa kushuka kwa tairi haubadiliki kwa sababu shokapu ndiyo inayoizuia, na shokapu ni ileile. Draivu shafti haivuki pembe iliyokuwa inafika zamani. Lakini gari likiwa limesimama tu, shokapu imeshafunguka milimita 25 zaidi, na mwendo wa kushuka uliobaki umepungua kwa kiasi hicho.

Raba za kuchomeka katikati ya mizunguko tunazikataa. Zinaifanya sehemu moja ya springi isifanye kazi, sehemu iliyobaki inabeba yote, na springi hukatika karibu na raba.

Tungependa zaidi seti kamili: springi ndefu pamoja na shokapu ndefu zilizopimwa kwa ajili yake. Kama ni spesa, basi ya juu, ya kipande kimoja, ya alumini au plastiki ngumu, na boliti ndefu zenye alama 8.8 au 10.9. Usipange spesa mbili juu ya mwenzake. Usitumie washa nyingi wala mbao.

Nimeweka spesa ya milimita 20 kwenye springi za nyuma, gari limepanda karibu 30. Nimeuziwa isiyo sahihi?

Hapana. Springi ya nyuma haiko kwenye tairi, iko mbele yake kidogo juu ya bimu, na bimu ni mkono unaozunguka kwenye bushi zake. Pima kutoka bushi hadi katikati ya springi, kisha kutoka bushi hadi katikati ya tairi. Tuseme ni milimita 290 na 400: 20 mara 400 gawanya kwa 290 ni karibu 28. Ukitaka 20 nyuma kwa mkono kama huo, nunua spesa ya 14 au 15.

Usiache nyuma juu kuliko ilivyokusudiwa ukilinganisha na mbele. Gari likiinamia mbele, stelingi inakuwa nyepesi na hairudi vizuri katikati baada ya kona.

Tangu nifunge springi ndefu, nikishuka tuta nasikia mshindo mmoja mzito, "du!", kisha kimya. Fundi anasema mauntingi zimekufa.

Zinaweza kuwa zimekufa, ila sikiliza wakati wa mlio. Ukitokea tairi inapopanda tuta, kagua mauntingi, bol jointi na linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala upande). Ukitokea tairi inapoanguka upande wa pili, shokapu imefunguka hadi mwisho na kugonga ndani yake yenyewe. Hili ndilo tulilolieleza juu: kama shokapu yako ilikuwa na milimita 70 za kushuka na umenyanyua 30, zimebaki 40, na tuta la kawaida linazimaliza. Shokapu inayogonga hivyo haidumu, sili huanza kuvuja.

Dawa ni shokapu ndefu. Nyuma kuna njia nyingine: kipande cha chuma cha kurefusha kinachofungwa kwenye boliti ya chini ya shokapu. Kinafaa, kwa sharti moja. Baada ya kukifunga, ning'iniza tairi na ushike springi kwa mkono. Ikizunguka ovyo au kuacha mwanya kwenye kikombe, ondoa kipande hicho, kwa sababu siku tairi itakapodondoka kwenye shimo refu springi itatoka mahali pake.

Nikimaliza inatosha kufanya alaimenti (kupanga pembe za tairi)?

Inahitajika lazima, lakini kuna kazi moja kabla yake ambayo gereji nyingi huiruka. Bushi za kontroli amu (mkono unaoshika tairi ya mbele kwa chini) na za bimu ya nyuma ni mpira uliogandishwa kwenye chuma pande zote mbili. Hazitelezi, zinajipinda. Boliti yake ikibaki imekazwa kwenye urefu wa zamani, au ikikazwa tairi zinaning'inia, bushi inaishi ikiwa imesokotwa hata gari likisimama, na itachanika mapema. Kwa hiyo: legeza boliti hizo, shusha gari likae kwa uzito wake juu ya tairi, lisukume mbele na nyuma mita chache, bonyeza kila pembe mara kadhaa, ndipo ukaze kwa torki ya kitabu. Utahitaji shimo la gereji au rampu za kupandisha tairi.

Baada ya hapo alaimenti. Kontroli amu iliyoinamia chini zaidi huvuta sehemu ya chini ya tairi ndani, kwa hiyo tairi inaegemea nje kwa juu na kulika ukingo wa nje. Magari mengi madogo hayana marekebisho ya hilo kutoka kiwandani. Boliti ya kemba (mwegemeo wa tairi), ile yenye tumbo lisilo katikati, hufungwa kwenye tundu moja kati ya mawili yanayoshika shokapu kwenye nakoli (chuma kinachobeba kitovu cha tairi), na huirudisha tairi kama digrii moja hivi. Tairi kufungua au kufunga mbele hurekebishwa kwenye tairodi kama kawaida.

Je, tairi kubwa peke yake haitoshi?

Kwa wengi inatosha, na ina faida ambayo springi haina: inanyanyua kila kitu, pamoja na bimu ya nyuma. Springi inanyanyua bodi, lakini ncha za bimu zinabaki karibu na urefu uleule kwa sababu zimeshikwa na tairi.

Hesabu ni rahisi. Tairi ya 175/65 R14 ina kipenyo cha milimita 583. Ukiweka 175/70 R14 unapata takriban 601: tofauti ya 17.5, na nusu yake, karibu milimita 9, ndiyo gari linapanda. Spidi mita itasoma chini kwa asilimia 3, yaani ikionyesha 100 kweli uko 103. Ukiruka hadi 185/70 R14, kipenyo ni 615, gari linapanda karibu 16, spidi mita inadanganya kwa zaidi ya asilimia 5, na gari dogo lenye injini ndogo utalisikia limekuwa zito mlimani. Kata stelingi mwisho pande zote, gari likiwa na watu, uone kama tairi inagusa kava ya ndani ya fenda.

Milimita 9 za tairi na 20 za springi ni mpango mzuri kuliko 30 za spesa.

Breki za nyuma zimekuwa dhaifu baada ya kunyanyua. Inahusiana?

Inaweza. Baadhi ya magari, hasa ya zamani, yana vali ya breki iliyofungwa kwa fimbo au springi ndogo kwenye bimu ya nyuma. Nyuma ikipanda, vali inaamini gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Fimbo hiyo inatakiwa irekebishwe kwa kitabu cha gari. Magari yenye taa zinazojipanga zenyewe yana sensa ya namna hiyo hiyo, nayo ipangwe upya. Taa za kawaida zipimwe ukutani hata kama unadhani ziko sawa.

Nina jeki, spana na muda. Nifanye mwenyewe?

Spesa ya juu ya shokapu, ndiyo, kwa sababu hufungui springi. Nati kubwa ya katikati ya mauntingi usiiguse: ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ikifunguliwa bila springi kompresa (kifaa cha kubana springi) inaweza kuua. Gari likae juu ya stendi mbili, jeki peke yake haitoshi. Weka alama ya rangi kwenye boliti mbili za nakoli kabla ya kuzilegeza. Toa kishikio cha mpira wa breki na waya wa ABS kwenye shokapu kwanza, tairi isije ikaning'inia juu yake. Kubadili springi zenyewe za mbele mpe fundi mwenye kompresa nzima.

Kaza tena nati zote za juu baada ya kilomita 100, kisha 500. Spesa za plastiki hubonyea kidogo na nati hulegea.

Na sahani ya kukinga injini?

Funga, ya chuma cha milimita 2 au alumini ya 4. Itakula kama sentimita moja ya nafasi uliyoipata, lakini sampu (bakuli la oili chini ya injini) iliyotoboka inamwaga oili yote kabla hujaona taa. Hakikisha ina tundu la kufungulia oili, matundu ya kutoa joto na tope, na haigusani na ekzosi injini ikitikisika.