Uzamili wa likizo ya Agosti: piga hesabu ya saa kwanza

Mwalimu, umeuliza kama naibu mwalimu mkuu anaweza kusomea uzamili wa uongozi wa elimu kwa wiki mbili za ana kwa ana Agosti, mengine mtandaoni. Inawezekana, ila hesabu saa. Kozi moja hapa Kenya kwa kawaida ni saa 45. Ukichukua tatu, ni 135. Siku kumi za darasani, saa nane kwa siku, zinakupa 80 tu. Zile 55 zitakufuata hadi muhula wa tatu, KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ikiwa mlangoni. Chukua mbili.

Kabla ya kulipa karo, hakikisha programu yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Kinachokwamisha watu hasa ni tasnifu: masomo yanaisha, msimamizi hapatikani. Nenda Agosti na ukurasa mmoja wa mada kutoka shuleni kwako, tuseme utoro wa wanafunzi kama unavyoonekana kwenye rejista, na umpate msimamizi kabla hamjatawanyika. Pendekezo la utafiti likipita, omba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Bila hicho usigawe hojaji hata moja. Mihadhara ipakue ukiwa bado kwenye Wi-Fi ya chuo.