Picha na Rangi ya Mkono: Mbona Havishikani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hutengeneza kolaji kwa kompyuta. Nimepiga picha za wavuvi wa ziwani, nikazikata na kuziweka juu ya karatasi nilizozipaka rangi kwa mkono na kuziskani, pamoja na kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti. Kila kimoja kinapendeza kikiwa peke yake, lakini nikiviunganisha, wavuvi wanaonekana wamebandikwa tu. Nifanyeje?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu yetu wa Jinja, rangi yako imebaki nyuma ya mvuvi ilhali ilipaswa kumpitia. Nakili tabaka la karatasi, liweke juu ya picha, kisha chagua Multiply, namna ya kuchanganya tabaka na lililo chini yake, ambayo imo katika programu za GIMP, Krita na Photoshop. Penye karatasi nyeupe picha itabaki ilivyo, na penye rangi nzito itaingia giza, hivyo michirizi ya brashi itapita juu ya shati na mtumbwi kama inavyopita juu ya anga. Ongeza mwanga wa picha kwanza, maana yote yataingia giza. Angalia sana nyuso: ngozi nyeusi ikifunikwa na Multiply kwa nguvu zote hupoteza macho na mashavu, na hakuna urembo wa karatasi unaostahili kumfuta mtu usoni. Hapo punguza nguvu ya tabaka, au tumia Soft Light, namna nyingine ya kuchanganya iliyo laini zaidi.

Jambo la pili ni ukingo. Mkato wa kompyuta ni mkali kama wa wembe, wakati rangi ya mkono haina mstari wa namna hiyo. Chovya brashi pana katika wino mweusi, ikaushe kidogo kwa kitambaa, iburuze mara moja kwenye karatasi nyeupe hadi nywele zake zianze kuacha mianya, kisha skani alama hiyo. Igeuze nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, kisha uibandike katika barakoa (mask) ya tabaka la mvuvi, yaani kifuniko kinachoamua sehemu gani ya tabaka ionekane. Kwa kuwa nyeupe huonyesha na nyeusi huficha, bega lake litaishia kwa mianya ileile ya brashi.

Mwanga nao husaliti kazi. Jinja iko karibu sana na ikweta, na picha ya adhuhuri huwa na vivuli vinavyoanguka chini ya kofia na kidevu. Ikiwa rangi yako ni nene yenye matuta, usiiskani. Ipige picha ukiwa umeiweka karatasi ili mwanga wa dirisha uingie kutoka ukingo wake wa juu, vivuli vya matuta vipate kufuata vya mvuvi.

Kuhusu lubugo, wekundu wake wa udongo hutawala kila rangi, basi uigeuze skani yake kuwa nyeusi na nyeupe kabla ya Multiply, zibaki nyuzi peke yake. Kitambaa hiki cha gome la mti wa mutuba, ambacho ufundi wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa Baganda huhusika na kutawazwa kwa wafalme na mazishi. Ningependa kionekane katika kazi yako kwa sababu inayoeleweka, si kujaza pembe iliyobaki wazi.

Ukitaka kuchapisha kwa ukubwa wa A3, fungua kazi yenye pikseli 3508 kwa 4961, na picha unazotumiwa kwa WhatsApp uombe zitumwe kama faili, kwa sababu zikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora.