Betri ya sola nje, karibu na dirisha

Dada, umesema uko California na fundi anataka kufunga betri ya kilowati-saa 13.5 ukutani nje, chini ya dirisha la chumba cha watoto, kwa madai kwamba nje hakuna masharti. Si kweli. Usimruhusu.

Kanuni za majengo ya makazi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinataka betri ya nje ikae angalau futi 3, yaani sentimita 91 hivi, kutoka mlango au dirisha linaloingia ndani ya nyumba. Sababu ni moshi na gesi. Seli ya lithiamu ikipata joto kupita kiasi hutoa gesi zinazowaka, haidrojeni ikiwemo, na dirisha likiwa wazi zinaingia moja kwa moja kwa wanao waliolala. Hata betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma, ambazo ni tulivu zaidi, hutoa gesi hizo.

Ukubwa si tatizo, maana ukutani nje unaruhusiwa hadi kilowati-saa 80 kwa jumla. Mwombe akuonyeshe alama ya UL 9540, yaani kiwango cha usalama cha mitambo ya kuhifadhi umeme, kwenye mtambo wenyewe, siyo kwenye tangazo. Kama gari linapita karibu, iwekewe nguzo za kuikinga. Mimi ningechagua pia ukuta usiopigwa jua la mchana, kwani joto huzeesha betri.

Kabla hajatoboa ukuta, nenda ofisi ya vibali ya jiji au kaunti yako na mchoro. Baadhi ya miji huongeza masharti yake.