Njaa peke yake haikumweka Hitler madarakani

SWALI: Mhariri habari za kazi. Hapa kijiweni kuna ubishi hauishi, mmoja anasema Wajerumani walimchagua Hitler kwa sababu ya njaa na ule mkataba wa Versailles uliowadhalilisha, mwingine anasema wapi, walikuwa na roho mbaya tu. Nani yuko sahihi? Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, asante sana. Huyo wa kwanza ana nusu ya ukweli. Huo mkataba wa Versailles wa 1919, uliofuata Ujerumani kushindwa Vita Kuu ya Kwanza, uliibana kwelikweli, ikavuliwa makoloni yote (hii Tanganyika yetu ikiwemo, ndo Muingereza akaingia), jeshi likabaki watu laki moja, halafu 1921 ikaletewa bili ya fidia ya marki za dhahabu bilioni 132. Sasa mwananchi miaka yote ya vita aliambiwa tunashinda, ghafla anasikia tumeshindwa. Majenerali wakapata pa kujifichia, wakasema jeshi halikushindwa, limesalitiwa na wanasiasa na Wayahudi. Uongo mtupu, maana ni wao wenyewe walioomba vita isimamishwe, lakini ulimwondolea mtu aibu kwa hiyo akaupokea.

1923 ndo ikawa balaa, fidia zilipochelewa Wafaransa na Wabelgiji wakaikalia Ruhr, eneo la Ujerumani lenye makaa ya mawe na viwanda, serikali ya Ujerumani ikachapa noti kuwalipa wafanyakazi waliogoma kuwapinga, hela ikafa, mpaka Novemba dola 1 ilikuwa marki trilioni 4.2, yani akiba ya uzeeni ya mtu hainunui hata mkate. Mwezi huohuo Hitler akajaribu mapinduzi kule München, akashindwa.

Sasa hapa ndo namkatalia jamaa yako. Uchaguzi wa 1928, uchumi umetulia, chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu! Na Versailles ilikuwepo vilevile. Kilichokuja kubadilika ni mdororo wa 1929, mikopo ya Marekani ikakatika, mabenki yakaanguka 1931, mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walifika milioni 6, na serikali ya Kansela (yani waziri mkuu) Brüning ikazidi kukata mishahara na posho zao kwa amri za rais, bunge limewekwa pembeni. Julai 1932 Hitler akapata asilimia 37.3. Ila wasio na kazi wengi walienda kwa wakomunisti, yeye alivuna sana kwa wakulima na wenye maduka madogo, watu wenye kidogo walioogopa kukipoteza.

Na huyo wa roho mbaya mwambie hata siku hiyo wapiga kura 6 kati ya 10 walimnyima.

Novemba kura zikashuka mpaka asilimia 33.1. Alikuwa anashuka jamani! Hata fidia zilishafutwa karibu zote kwenye mkutano wa Lausanne, Uswisi, mwezi wa 7. Aliyempa ukansela tarehe 30 Januari 1933 ni Rais Hindenburg, kashawishiwa na Papen, kansela wa zamani, na wakubwa wenzake waliodhani watamtumia kuwazima wakomunisti halafu watamdhibiti. Hao hawakuwa na njaa, na hilo linaniuma kila nikilisoma. Machi bunge likampa mamlaka ya kutunga sheria bila bunge, kura 444 kwa 94, waliokataa ni wasoshalisti peke yao, wakomunisti walishakamatwa au kukimbia. Kufika tarehe 14 Julai kila chama kingine kilikuwa kimevunjwa au kupigwa marufuku, hadi cha wale wahafidhina walioingia naye serikalini.