Fonti nene ya mviringo kwa bango la aiskrimu

Ndugu, kwa bango la aiskrimu jaribu Fredoka au Baloo 2. Zote ni nene, za mviringo, zimechangamka, na zinapatikana bure Google Fonts hata kwa biashara. Ukipenda sura ya kizamani, kuna Cooper Black ya Oswald Cooper wa Chicago, ya mwaka 1922, ile iliyoandikwa ubavuni mwa ndege za easyJet. Huenda tayari unayo, maana huja na Microsoft Office.

Ila fonti nene itumie kwa jina la duka na maneno mawili matatu tu. Bei na orodha ya ladha ziandike kwa fonti ya kawaida. Fonti nene ikipunguzwa, vitundu vya ndani ya a na e huziba, na Kiswahili chetu kimejaa a: andika "maziwa na karanga" kwa saizi ndogo uone madoa. Ongeza nafasi kidogo kati ya herufi kama bango litasomwa na abiria wa daladala. Vivuli na miale mimi naona ni fujo, rangi moja yatosha. Kama jina lina ng', kagua ile ritifaa kabla ya kuchapisha.