Maswali ya Wasomaji: Gauni Jeupe, Koti Jeusi, Jua la Dodoma

Swali: Ndugu mhariri, nilipiga picha za komunio ya kwanza nje ya kanisa saa sita mchana, kamera ikiwa kwenye P (yenyewe inachagua mwanga). Watoto waliovaa nguo nyeupe wametoka kijivu, na macho yao yamezama gizani. Babu mmoja niliyempiga kwa karibu, mwenye koti jeusi, ametoka amepauka. Kamera ni ileile na jua ni lilelile. Je, imeharibika?
*Msomaji, Kongwa*

Jibu: Kamera yako ni nzima. Kipima mwanga cha ndani hakijui kama kinatazama gauni au koti. Kinachukulia kuwa vyote vilivyo kwenye fremu, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha kati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Magauni meupe yakijaa fremu, kinaona mwanga umezidi, kinaupunguza. Koti jeusi likijaa, kinauongeza, na uso wa babu unapauka humo humo.

Tumia kitufe chenye alama ya +/−. Kila namba moja ni hatua moja, yaani mwanga mara mbili au nusu yake. Kwa weupe mwingi anzia +1, ukikuta bado ni kijivu panda hadi +1.7. Kwa koti jeusi shuka hadi −1. Ukimaliza rudisha 0, maana kamera nyingi hazifuti namba uliyoweka hata ukizizima.

Katika shughuli ambayo watu wanabadilika kila dakika, M (unapanga mwanga mwenyewe) ni bora zaidi. Jua la kiangazi Dodoma, mchana usio na wingu, halibadiliki sana: weka ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/5.6 (upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), shata 1/1000 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia). Hesabu hiyo inatoka kwenye kanuni ya tangu enzi za filamu: juani weka f/16, na shata ifuate namba ya ISO, yaani takriban 1/125. Ukifungua tundu la lenzi hatua tatu, kutoka f/16 hadi f/5.6, unaharakisha shata hatua tatu. Hapo gauni linabaki jeupe na koti linabaki jeusi, hata mtu asimame mbele ya ukuta gani.

Macho ni jambo jingine kabisa. Jua likiwa utosini, nyusi zinatupa kivuli juu ya macho, na hakuna namba ya kamera inayokiondoa. Wahamishie watoto chini ya mwembe au upande wa jengo wenye kivuli, nyuso zielekee uwazi, na nyuma yao pasiwe na uwanja unaowaka jua. Namba za juani hazifai tena hapo. Chagua kipimo cha nukta, kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu, lenga shavu, kisha punguza theluthi mbili hadi hatua nzima kwa ngozi nyeusi. Usipopunguza, ngozi inatoka kama imepakwa vumbi.

Swali: Nikiwa juani, skrini inaonyesha picha zina giza, naongeza mwanga. Nikifika nyumbani, kwenye kompyuta zimeungua.
*Msomaji, Nkuhungu*

Jibu: Skrini ikimulikwa na jua huonekana hafifu hata picha ikiwa sahihi. Angalia histogramu, mchoro unaoonyesha mwanga wa picha kuanzia giza (kushoto) hadi weupe (kulia). Mchoro ukibanana na ukingo wa kulia, sehemu nyeupe zimeungua, na nakshi ya gauni iliyopotea hivyo hairudi kwa programu yoyote. Washa pia onyo la kumeta kwenye menyu, linalometesha sehemu zilizoungua. Giza kidogo lina nafuu, hasa ukipiga kwa RAW (faili ghafi la kamera), ingawa ukiliinua sana chengachenga zinatokea.

Penye mashuka mekundu, kama kwenye ngoma, fungua histogramu ya rangi tatu. Nyekundu huungua kwanza wakati ile ya jumla bado inaonekana salama, na shuka linatoka bapa, halina hata mkunjo. Punguza theluthi mbili za hatua, uangalie tena.

Swali: Nikitumia flashi juani, upande mmoja wa picha unakuwa na mstari mweusi. Kwa nini?
*Msomaji, Manyoni*

Jibu: Shata yako imepita kasi ambayo flashi inaimudu. Kamera nyingi zinaishia kati ya 1/160 na 1/250. Shata ina mapazia mawili, moja la kufungua na moja la kufunga. Zaidi ya hapo, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na sehemu iliyofunikwa haipati mwanga wa flashi. Rudi 1/200 na ISO 100, ufunge tundu hadi takriban f/13. Mstari ukibaki, shuka hadi 1/160 na f/14.