Jibu: Programu ya C inakataa kuanza kwenye Raspberry Pi

Ndugu yangu, unasema programu uliyoijenga kwenye laptopu yenye Ubuntu 22.04 hapo Kampala inagoma kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) ya kituo cha maziwa Mbarara, yenye Debian 11, ikilalamika "GLIBC_2.34 not found". Kodi yako haina kosa, usiiguse. Hata prosesa umelenga sawa, la sivyo ungeona "Exec format error". Tatizo ni umri wa maktaba: Ubuntu hiyo ina glibc (maktaba ya msingi ya C) 2.35, Pi ina 2.31. Programu iliyojengwa kwa glibc ya zamani hukubali mpya. Kinyume chake mara nyingi hugoma hivyo.

Jengea ndani ya kontena (mfumo uliotengwa ndani ya laptopu yako) la Debian 11. Weka humo crossbuild-essential-arm64, yaani zana za kujengea prosesa ya ARM ya biti 64 kama ya Pi, na cmake, inayoongoza ujenzi (pakua usiku kama bando lako ni la kuunga-unga), kisha andika faili dogo, pi.cmake:

set(CMAKE_SYSTEM_NAME Linux)
set(CMAKE_SYSTEM_PROCESSOR aarch64)
set(CMAKE_C_COMPILER aarch64-linux-gnu-gcc)

Liite kwa kuendesha cmake na -DCMAKE_TOOLCHAIN_FILE=pi.cmake katika folda mpya kabisa. Hapa wengi hukwama: CMake huhifadhi kompaila (kigeuza-kodi) ya mwanzo ndani ya CMakeCache.txt, hivyo folda ya jana itakuzungusha bure. Kila mashine na folda yake.

Kabla hujapanda basi, endesha amri ya file juu ya programu. Itaje "ARM aarch64". Halafu objdump -T, inayoorodhesha matoleo ya maktaba ambayo programu inahitaji, uchuje mistari yenye GLIBC_: namba yoyote iliyozidi 2.31, usisafiri.

Kama mfumo wa Pi ni wa biti 32, hiyo ni armhf (jina la Debian la ARM ya biti 32), na kompaila ni arm-linux-gnueabihf-gcc.